Mapishi Rahisi

Maagizo ya mteja yaliingia usiku wa Jumapili, na kama kawaida yake yalikuwa mafupi. Mapishi kumi, matano ya chumvi na matano matamu. Yasiwe na nyama, samaki, maziwa, mayai wala asali. Kila pishi lisizidi nusu saa. Halafu kulikuwa na neno moja alilolirudia mara nne, nililihesabu: rahisi. Malipo ni dola arobaini kwa kazi yote.

Nilifurahi sana, nisidanganye. Kodi ilikuwa imepita tarehe kwa wiki mbili na tokeni za stima zilibaki uniti tatu.

Nakaa Zimmerman, bedsita ya ghorofa ya nne, ambako maji hupanda Jumatano na Jumamosi yakitaka. Kazi yangu ni kuandikia watu makala. Jina langu halitokei popote. Nimeandika kuhusu bima ya mbwa, milango ya gereji, na namna ya kuchagua godoro la mtu mwenye maumivu ya mgongo, na mimi mwenyewe nalalia la inchi nne. Baadhi ya wenzangu niliokuwa nao chuo waliishia kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Hiyo niliikataa. Si uadilifu, jamani. Ni wivu tu. Sikuweza kumkamilishia mtu digrii na yangu niliiacha katikati.

Basi mapishi kumi niliyaandika usiku mmoja, bila kuwasha jiko. Saladi ya kwinoa. Keki ya chokoleti ya maziwa ya lozi. Tofu ya kuchoma na sijui mchuzi gani. Kwinoa sijaila mpaka leo. Na pale kwenye magoti yangu, pembeni ya laptopu, nilikuwa na bakuli la githeri ya juzi niliyoikaanga na kitunguu na nyanya. Mahindi, maharagwe, chumvi, mafuta ya chupa. Hakuna nyama humo, hakuna maziwa, hakuna yai. Sikuiona kabisa. Nilikuwa nakula huku natafuta chakula.

Siku tatu baadaye jibu likaja. Mtu wao mmoja alijaribu ile keki ikatoka matope. Mteja akauliza swali moja: hiki chakula umekipika? Akasema anataka picha za kila pishi, kwenye jiko moja, mkono wangu ukionekana. La sivyo hakuna malipo.

Jiko langu ni mtungi wa gesi wa kilo sita wenye kichomeo juu yake. Nina sufuria mbili, kikaango, mwiko, kisu na bakuli la plastiki. Ovena sina. Niliingia supamaketi ya pale barabarani nikaitafuta hiyo kwinoa, nikaiona bei, nikairudisha kwenye rafu polepole kama mtu aliyekuwa anasoma tu maandishi. Pakiti ya lozi nayo hivyo hivyo. Nilitoka na chumvi.

Jioni nilipita kwa mama mboga kununua sukuma wiki ya kumi. Nilisimama pale nikaangalia meza yake kwa mara ya kwanza, ijapokuwa hupita hapo kila siku. Mchicha. Viazi. Mihogo miwili. Ndizi zilizoiva mpaka zikaanza madoadoa, ambazo alikuwa anataka kuzitupa. Gunia dogo la mbaazi kavu, kutoka kwao Makueni. Yeye anaziita nzuu. Na nyuma kabisa, nazi tatu, maana mtaa huu una watu wachache wa pwani na anawajua.

Huyu mteja wangu ana neno lake, vegani. Lilibuniwa Uingereza mwaka 1944, na Donald Watson na wenzake wachache, walipoona kwamba mtu asiyekula nyama lakini anakunywa maziwa si mwenzao hasa. Sawa. Kwetu hakuna neno. Tena Nairobi ukiuliza leo mboga ni gani, unaweza kujibiwa ni nyama, na hakuna anayecheka. Pwani tunasema kitoweo, na asiye na kitoweo huona haya. Mama akipata mgeni wa ghafla alikuwa ananituma robo kilo ya nyama kwa mkopo, na sufuria nzima ya mbaazi ipo mekoni. Mgeni halishwi mbaazi, ndivyo alivyosema. Mbaazi ni za kuuza na za kula sisi.

Maana mama yangu anauza mahamri na mbaazi. Yuko Kisauni, barazani kwetu, tangu nilipokuwa darasa la pili.

Hii kazi sijawahi kuiona ikiandikwa vizuri kwa hivyo ngoja niiandike. Mbaazi zinachaguliwa mchana, mawe upande huu na zilizotobolewa na wadudu upande ule. Zinarowekwa usiku. Saa tisa za usiku mama anaamka, anamwaga maji ya kwanza, anazibandika kwenye makaa. Zikiwa zinachemka anakanda unga: sukari, hamira, iliki aliyoitwanga mwenyewe, na tui lililopashwa likawa vuguvugu. Unga unafunikwa na leso upumzike. Hapo anaketi juu ya mbuzi akune nazi. Nilipokua ile ikawa kazi yangu, kabla ya shule. Mbuzi ya kwetu meno yake yalikuwa makali na nilikuwa nasinzia, kwa hivyo nina alama mbili kwenye kidole gumba cha kulia mpaka leo. Nazi ikishakunwa inatiwa maji ya moto kidogo na kukamuliwa kwenye kifumbu; hilo ndilo tui la kwanza, zito, linawekwa kando. Machicha yanatiwa maji tena, yanakamuliwa tena, hilo ni tui la pili, jepesi. La pili linaingia kwenye mbaazi mapema pamoja na kitunguu, pilipili za kijani na manjano kidogo. La kwanza linaingia mwisho kabisa, na hapo huondoki. Unakoroga bila kufunika mpaka lichemke mara moja, maana ukilipa kisogo linakatika, mafuta huku na maji kule. Halafu mahamri. Matonge, kusukuma, kukata kila duara vipande vinne, mafuta ya moto, kuyamwagia mafuta kwa mwiko wa matundu ili yafure. Saa kumi na mbili kasorobo mtu wa kwanza anafika na bakuli lake. Huwa ni dereva wa matatu na huwa hana chenji.

Kazi yangu ilikuwa nazi tu. Kwenye sufuria hakuniruhusu. Alisema mimi ni wa kusoma.

Nilinunua mbaazi nusu kilo, nazi mbili, na zile ndizi za madoadoa nikapewa kwa bei ya huruma. Nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. U mzima? Mbona leo si Ijumaa?"

"Ni mzima. Mbaazi watia chumvi lini?"

Akacheka. "Kwani huko chuoni hamlishwi?"

Nikamwambia nimechoka na chakula cha kantini. Lilitoka laini kabisa, kama mengine yote. Akasema chumvi mpaka ziive. Nikauliza kiasi gani. Akasema kiasi. Kiasi gani, mama? Kiasi cha kutosha, wee utaona. Nikaandika kwenye daftari: chumvi, kijiko kimoja cha chai, nikijua nimetunga.

Mbuzi sikuwa nayo. Nilivunja nazi kwenye ngazi, nikaing'oa nyama yake kwa kisu, nikaenda kwa jirani wa mlango wa pili ambaye ana blenda. Yeye ni wa Nyeri. Aliangalia ninavyokamua kwenye kitambaa cha fulana safi akauliza kwani maziwa yameisha dukani. Alipoonja mbaazi alinyamaza, akaenda kuleta bakuli. Kwa malipo akanifundisha mukimo wake, viazi na mahindi na majani ya malenge, ambao nao niliupiga picha ukaingia kwenye hesabu ya mteja. Alisema hajawahi kufikiria kwamba mukimo ni wa watu wanaojinyima.

Wiki ile nilipika kama mwendawazimu. Mchicha wa nazi ulikuwa mwepesi kuliko yote. Mchicha hauhitaji kuchemshwa mpaka ulie, unapita tu kwenye kitunguu na nyanya na unamalizia na tui. Viazi vya karai nilivijua kwa macho, vya pale mtaani kwetu jioni: viazi vya kuchemsha, unajivunjia unga wa dengu na manjano na chumvi uwe uji mzito, unavichovya, unavikaanga, halafu ukwaju uliorowekwa na pilipili pembeni. Githeri nikairudia, safari hii kwa heshima. Ndizi mbivu za tui ndizo zilizonishangaza. Unamenya, unazipanga kwenye sufuria, tui jepesi, sukari, iliki, moto mdogo, tui zito mwisho. Dakika ishirini. Kwetu ni za Ramadhani na sikuwahi kuwaza kwamba zinapikika siku ya Alhamisi Zimmerman, kwa ndizi zilizokuwa zinaenda jaani. Hizo ndizo rahisi kweli, kama neno hilo lina maana. Kashata za nazi na tambi za sukari zilitoka vizuri, sitazieleza.

Kaimati ziligoma. Vidonge vya unga na hamira, vya kukaangwa kisha kuviringishwa kwenye shira ya sukari na iliki. Za kwangu zilikuwa mawe. Nilijaribu Jumatatu usiku, nikajaribu tena Jumanne asubuhi, na kwa hasira nikachukua simu bila kufikiria.

"Mama, kaimati zangu ni ngumu."

"Waupiga unga, au wauchanganya tu?"

"Nauchanganya."

"Hapo ndipo. Uupige kwa mkono, uuinue na kuubwaga mpaka utoe mapovu. Mkono ukichoka ndiyo umeanza." Akanyamaza kidogo. Nikasikia jogoo wa jirani yetu, yule anayewika wakati wowote. "Leo Jumanne?"

"Ndiyo."

"Saa nne hizi. Huna darasa?"

Ningeweza kusema mhadhiri hakuja. Nilishawahi kulisema hilo. Labda ni kwa sababu mikono yangu yote miwili ilikuwa na unga na simu ilikuwa kwenye spika juu ya kitanda, na sauti yake ilijaa chumba kizima kana kwamba ameingia, ameona gesi, godoro, nguo kwenye kamba, na hakuna kitabu hata kimoja. Nikasema sina darasa. Nikasema sina darasa mwaka mmoja na miezi minne sasa.

Habari yenyewe ni fupi. Mwaka wa pili salio langu la karo lilifika shilingi 61,000. Mama akanitumia 38,000 kwa simu, nilipe. Ofisini nikaambiwa nusu haitoi kadi ya mtihani, ni salio lote au usikae mtihani. Nikajiambia nisizilipe kwanza, nitafute zilizobaki nilipe kwa pamoja. Mitihani ikapita. Nikalipa kodi. Nikanunua laptopu ya mtumba. Nikala. Kila mwezi yeye aliendelea kutuma elfu mbili za matumizi mpaka nilipomwambia nimepata kakazi ka maktaba, na hako kakazi pia kalikuwa uongo, ila angalau kalizuia zile elfu mbili.

Haya yote nilimwambia nikiwa nimesimama. Hakunikatiza.

"Na pesa za muhula ule?"

"Nilizila, mama."

Kimya. Jogoo tena.

"Ulizila na mboga gani?"

Nikatafuta jibu. Simu ilikuwa imekatwa.

Nimelifikiria swali lile zaidi ya swali lolote nililoulizwa chuoni. Mama si mtu wa kupiga kelele. Akikasirika maneno yake hupungua na kunoleka. Nilirudi kwenye bakuli, nikaupiga ule unga mpaka bega likauma, na kaimati zikatoka nyepesi, za duara, zenye uwazi ndani. Nilizipiga picha. Zilikuwa nzuri sana na sikuweza kula hata moja, nilimpelekea jirani.

Pishi la kumi lilikuwa liwe mahamri. Sikuwa na wa kumuuliza. Nilifuata maelezo ya intaneti, yakatoka bapa, chapati za sukari. Nikatuma tisa.

Mteja alipenda. Alitumia alama tatu za mshangao, jambo ambalo hajawahi. Makala ilipotoka niliisoma. Mbaazi zangu, ambazo nilikuwa nimeandika usiku mmoja wa kuroweka na saa moja na nusu ya kuchemsha, zimekuwa mbaazi za mkebe, dakika kumi na tano. Kukuna na kukamua kumefutwa, fungua kopo. Tui la kwanza na la pili zimekuwa tui. Sikulalamika. Mtu anayerudi nyumbani usiku na njaa yake ana haki ya mkebe, na mimi mwenyewe nimeshanunua tui la unga la pakiti tangu siku hizo. Lakini juu ya picha, kwa herufi kubwa, palikuwa na lile neno lake, na chini yake kidole changu gumba chenye alama mbili.

Baada ya makato zilibaki elfu nne na kitu. Kodi ilikuwa bado. Nikamtumia mama elfu nne. Siku ile nilikuwa nimepiga hesabu yangu: hamri ni shilingi kumi, kwa hivyo 38,000 ni mahamri 3,800, na hizi ni mahamri mia nne. Ilinifariji kidogo, kuwa na idadi. Hakujibu. Ujumbe wa M-Pesa ukakaa pale peke yake, na jina lake kamili lile la kitambulisho, ambalo hakuna anayemwita.

Zikapita siku kumi na sita. Nilinunua unga kilo mbili na nikaharibu mahamri mara tatu zaidi, bila mteja kuniuliza.

Kisha akapiga, saa kumi na moja alfajiri. Kabla hajasema neno nilisikia mafuta.

"Zile pesa ni za nini?"

"Za mahamri."

"Mahamri mangapi?"

"Mia nne. Yaani, elfu tatu na mia nane ukitoa mia nne." Usingizi ulikuwa haujaniacha. Nikamweleza hesabu yangu yote, shilingi kumi kwa hamri, nikidhani anataka kusikia kwamba nimeifanya.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mwiko wa matundu ukagonga ukingo wa karai.

"Hujatoa unga," akasema.

"Eh?"

"Hujatoa unga. Hujatoa mafuta, sukari, nazi, wala makaa. Hamri moja lanibakishia shilingi tatu, mafuta yakipanda mbili. Wewe wasema ulikula mahamri elfu tatu. Hesabu upya."

Nikawasha simu mwangaza nikahesabu nikiwa kitandani. 38,000 kwa tatu. Elfu kumi na mbili na mia sita na ushei. Nikajaribu kuyaona yakiwa yamepangwa mahali, barazani, mtaani, mpaka darajani Nyali. Sikuweza. Nilichokiona ni mgongo wake tu, saa tisa za usiku, miaka.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Haya." Mafuta yakachemka kati yetu. Hakusema amenisamehe, na sidhani kwamba amenisamehe. Alisema, "Na hao Wazungu wako, walipewa mahamri?"

"Hapana. Hayafuri."

"Hayafuri vipi?"

"Yanakaa bapa."

"Una unga hapo?"

Nilikuwa na uliobaki wa jana, nimeufunika na leso. Nikaamka, nikawasha taa, nikawasha gesi. Akaniambia nisukume unene sawa, usiwe kama wa chapati, na usiwe na mkunjo hata mmoja. Nikasukuma kwa chupa. Akauliza mafuta yamoto? Nikasema ndiyo. Akasema tia kipande cha unga, kikizama kikakaa huko ni baridi. Nikatia. Kikazama, kikakaa. Wewe wasema ndiyo tu, akasema. Ngoja. Tukangoja wote wawili. Nikatia kingine, kikapanda mara moja kikicheza.

"Sasa tia moja, ulimwagie mafuta juu, usiliache hata..." Akasita. "Ngoja, nina mteja."

Hakukata simu. Aliiweka kando, labda juu ya lile kopo la unga, na nikasikia bakuli likipokelewa, kifuniko cha sufuria, sauti ya mwanamume ikisema habari ya asubuhi mama. Mahamri matano, na mbaazi za ishirini. Nikalitia langu. Huku Zimmerman nilikuwa nalimwagia mafuta na kule alikuwa anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na yule mtu anasema hana chenji.